Wino Wako Mwekundu

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Kwako Baba yangu, Mwalimu,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, miwani iko puani na kalamu ya wino mwekundu iko mfukoni, maana najua huwezi kuifungua bahasha kabla hivyo vitatu havijakaa sawa. Hali yako vipi? Mguu wa kushoto bado unakusumbua asubuhi za ukungu, au ile dawa ya kuchua niliyomtumia Mama imesaidia? Mama ameniambia kwenye simu kwamba umeikataa kwa sababu maelezo ya kwenye chupa yameandikwa vibaya. Baba, dawa ya kuchua haisomwi, inapakwa. Nakuomba upake.

Mie ni mzima wa afya. Haya, nimeshakuona unaishika kalamu. Mimi ni mzima wa afya. Huku Dar watu wote ni mie na sie na nyie, na kwa miaka mitatu ulimi umeshazoea. Kuna siku nilimwambia Mama kwenye simu "nilikuwaga naumwa", nikasikia sauti yako kwa mbali ikisema, "Mwambie hakuna neno kama hilo." Nilicheka, halafu simu ilipokatika nikalia kidogo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kuisikia sauti yako, hata kama ulikuwa unaongea na ukuta.

Barua hii ina ombi, na nitalisema mapema. Ulitufundisha darasa la tano kwamba barua inayoficha shida yake hadi ukurasa wa mwisho ni barua ya mtu mwoga. Mwezi ujao, korosho zikianza kuuzwa, bendi yetu inakuja Kusini. Tutapiga Lindi, Mtwara na Masasi, halafu Newala, kwenye harusi ya binti wa mfanyabiashara mmoja wa korosho. Nitakuwa Newala siku mbili nzima. Nataka kuja nyumbani, Baba. Nataka kulala kwenye chumba changu, kula ugali wa muhogo wa Mama, na kukuamkia nikiwa nimekushika mkono. Lakini siku nilipoacha kazi ya ualimu ulisema mpiga ngoma asikanyage ua wako, na tangu siku hiyo hujalifuta neno hilo. Sitaki kukanyaga kabla hujalifuta. Ndiyo shida yangu, na mengine yote humu ndani ni habari tu.

Simu najua huitaki. Ulishasema haina nukta wala mkato. Basi nikaandika. Barua saba nimekuandikia na zote saba umezirudisha kwa basi lilelile lililozileta, kila moja imesahihishwa kuanzia salamu hadi jina langu. Hakuna jibu hata la mstari mmoja. Hata alama huweki, wakati darasani ulikuwa unampa alama hata yule aliyechora kuku badala ya kuandika insha. Kondakta wa basi ameshanijua. Nikifika pale Mbagala ananiambia, "Sista, mzigo wako wa wino umerudi," na mimi nachukua bahasha kama mtu anayechukua majibu ya mtihani.

Ngoja nikueleze habari za hawa ninaosafiri nao, maana najua umeshawaweka wote kwenye kundi la wahuni. Tuko wanne tu. Kiongozi wetu ni Kaka Mosi, mpiga gitaa la solo, mtu wa makamo, mpole, siku za kawaida anatengeneza redio na pasi mbovu. Anayeimba ni Neema, dada wa Singida, ana watoto wawili na hakosi kanisani akiwa mjini. Mpiga besi ni Chogo. Huyo ndiye dereva wetu pia, na kwa siku nzima anaweza kusema maneno sita, manne kati ya hayo yakiwa "gari limechemsha". Wa nne ni mimi, kwenye ngoma za tumba, na sauti ya pili, na kushika simu ya kazi, na kuzungumza na wageni kwenye maiki kwa sababu wenzangu wanasema nina mdomo. Hilo la mdomo utalikuta tena huko mbele, na hutafurahi.

Mazoezi tunafanyia Manzese, nyuma ya karakana ya mageti. Mafundi wa pale wakianza kuchomelea, umeme unashuka na gitaa la Mosi linaanza kulia kama mtu mwenye mafua. Tumejifunza kungoja. Wao wakipumzika sisi tunapiga, sisi tukipumzika wao wanachomelea, na sasa hivi kuna fundi mmoja anajua nyimbo zetu zote kuliko Chogo. Jina letu ni Bendi ya Mkeka, kwa sababu mwanzoni hatukuwa na viti.

Tunasafiri kwa kirikuu, yale magari madogo ya mizigo ambayo ukiyaona unafikiri yamekatwa kutoka kwenye gari jingine. Mbele wanakaa Chogo na Neema, nyuma tunakaa mimi na Mosi katikati ya spika, tumefunikwa turubai. Wiki moja tunaweza kuwa Kinondoni Jumatano kwenye sendofu ya kumuaga bibi harusi, Mbagala Ijumaa kwenye ufunguzi wa duka la vitenge, halafu Jumatatu tuko njiani kwenda Kilosa au Ifakara. Ngozi za tumba zangu nazipata Vingunguti, kwa mzee mmoja jirani na machinjio ambaye ananichagulia mwenyewe, anagonga kila ngozi kwa kucha na kuisikiliza kabla hajanipa. Nikirudi na ngozi mbichi kwenye gari, Chogo anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Raha ipo, lakini sitakudanganya. Ifakara nilishikwa na malaria nikapiga tumba nikiwa nimevaa sweta mbili, hilo nilikuandikia. Njia ya Kilosa kirikuu kilizama kwenye tope tukakisukuma mpaka Neema akapoteza kiatu, na mpaka leo kipo hukohuko chini. Mvua ilitukuta kwenye kijiji ambacho hata jina sikulishika, na mwalimu mkuu wa shule ya pale akatuhurumia akatupa darasa la kwanza tujisitiri. Baba, nilipoingia tu nilisimama mlangoni. Ubaoni walikuwa wameacha silabi za chaki: ma me mi mo mu. Nikakaa kwenye dawati, magoti yakiwa yanagusa kidevu, nikaanza kuzigonga kwa vidole, taratibu, kama ulivyokuwa unatugongea mezani. Ma, kiganja. Me, vidole. Mi, ukingoni. Neema aliyekuwa anakamua nguo zake akageuka akaniuliza, "Somoe, huo mpigo umeutoa wapi?" Nikamwambia umetoka Newala, darasa la kwanza, kwa baba yangu. Akasema, "Kumbe na mzee naye anapiga ngoma!" Nikamwambia aseme polepole, unaweza kusikia.

Sasa nifike Kinyerezi, ambako ndiko kulikonifanya niandike barua hii badala ya kupita Newala kimyakimya kama nilivyokuwa nimepanga.

Siku moja simu ya kazi ililia, nikapokea mimi. Sauti ya mwanaume, mstaarabu sana.

"Hapo ni kwa wenye bendi?"

"Ndiyo kaka, hujakosea."

"Tuna shughuli ya mama, Jumamosi hii, huku Kinyerezi. Mnaweza kuja?"

"Shughuli ya mama? Hongera sana kaka! Tunakuja."

Akasema taratibu, "Asante." Nikamuuliza wanataka mapigo ya namna gani, ya kuchangamka au ya kutulia. Akasema, "Pigeni vile alivyopenda mama." Nikaandika kwenye daftari: Jumamosi, Kinyerezi, saa tano, kicheni pati au siku ya kuzaliwa, watu wachangamke.

Umeshaliona? Naamini umeshaliona na umevua miwani. Alisema alivyopenda. Hakusema anavyopenda. Mimi, mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, niliyefundishwa nyakati za vitenzi kabla sijajua kufunga kamba za viatu, wakati uliopita ukanipita sikioni nisiuone. Na hilo neno shughuli, Baba, huku mjini ni vigelegele na sare na ngoma. Kwetu ya msiba tunaita hitma, hakuna anayechanganya. Sikufikiria kwamba yule kaka, mtu wa Bukoba kama nilivyokuja kujua, akiwa na mama yake aliyemzika, anaweza kusema shughuli kwa sababu neno lenyewe bado halimtoki mdomoni. Ulituambia mara ngapi kwamba neno lenye maana mbili linaulizwa? Sikuuliza.

Jumamosi tukaenda tumevaa mashati ya njano, yale mapya aliyoshona Neema, yana marinda mabegani. Tulipofika tukaona maturubai, viti, masufuria ya pilau, wanawake wamevaa sare ya kitenge. Picha kubwa ya mama mmoja anayecheka ilikuwa mezani, imezungukwa na maua. Hilo nalo halikunishtua, siku hizi watu wanaweka picha zao kubwa hata wakiwa wamekaa pembeni yake wanakula keki. Nikaona watu wametulia, nikasema moyoni hawa wamepoa, kazi yetu ni kuwaamsha. Tulikuwaga na kawaida ya kuanza kwa kumsalimia mwenye shughuli, basi nikachukua maiki.

"Haya haya haya! Kinyerezi mpo? Mama mwenye shughuli yuko wapi? Mama asimame tumwone! Mama asimame atikise kidogo!"

Baba, sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Hata masufuria yalinyamaza. Dada mmoja aliyekaa mbele akajifunika uso kwa upande wa kitenge chake. Yule mwanaume aliyenipigia simu, nikamjua kwa sauti, akanisogelea akasema polepole, bila hasira hata chembe, "Sista, mama ndiye yule pale." Akaninyooshea ile picha. "Leo tunamaliza arobaini yake."

Nyuma yangu nikamsikia Mosi ananong'ona, "Somoe, si ulisema kicheni pati?" Neema akasema, "Yesu wangu." Chogo alikuwa ameshaanza kuchomoa waya za spika. Nilitaka ardhi inimeze na shati langu la njano. Nikawa nimeshika maiki tu, siwezi kuomba radhi, siwezi kuishusha, na machozi yameshafika.

Ndipo mzee mmoja akainuka kwenye kiti cha mbele. Ndiye mwenye nyumba, mume wa marehemu, wanamwita Mzee Anselmi. Mwembamba, koti limemzidi. Nikajua sasa nitatukanwa, na nilikuwa nastahili. Akaitazama ile picha, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Miaka yote niliyoishi na huyu mwanamke, muziki ukilia alikuwa hakai chini. Nilikuwa namwambia, mama Deo, kaa, watu wanakutazama. Leo ameombwa asimame, amegoma. Basi ujue huyu amechoka kweli."

Watu wakacheka. Wakacheka na kulia kwa pamoja, wale wanawake wa sare wakawa wanapigana mabega, na yule dada aliyejifunika uso akajifunua akawa anacheka huku kamasi zinamtoka. Mzee akakaa, akanifanyia ishara kwa mkono. "Pigeni, binti. Polepole tu, magoti yangu si ya kuruka."

Hatukuwa na wimbo wa kuanzia. Nyimbo zetu zote tulizopanga siku ile zilikuwa za kurukaruka. Mosi akanitazama, Neema akanitazama. Nikakaa kwenye tumba, nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nikagonga silabi. Ma-ma, ma-ma, kwa kiganja, bila haraka, kama ulivyokuwa unagonga meza ya mbele ukimngoja mtoto wa mwisho darasani apate kutamka. Chogo akarudisha waya zake akaingia na besi chini kabisa. Mosi akafuata. Neema akaimba bila maneno kwanza, halafu maneno yakamjia mwenyewe, ya kumshukuru mama kwa kupika, kwa kuosha, kwa kuchelewa kulala. Mzee Anselmi alisikiliza akiwa amefumba macho, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga kwenye goti. Tukapiga hivyo mpaka chakula kikaiva.

Wakatukaribisha tule. Nilienda kumwomba radhi yule dada wa mbele, ambaye ndiye mtoto wa mwisho wa marehemu. Akanishika mkono akaniambia, "Usijali sista. Wewe umechelewa siku arobaini. Mie mtoto wa kumzaa nilichelewa siku tatu, nikakuta wameshazika." Alikuwa kazini visiwani, wamegombana na mama yake kwa jambo ambalo sasa anasema halikumbuki vizuri, na simu zake alikuwa hapokei. Aliyasema hayo huku anaokota wali uliomwagika mezani.

Neno hilo limenikaa. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo kirikuu. Kwa sababu najua, Baba, kwamba ukisema mpiga ngoma hunioni mimi. Unamwona Baba Mdogo Rashidi. Unaiona siku ile Bibi alipofariki, na Baba Mdogo yuko Tabora na gitaa lake na bendi yake, hapatikani, mkamzika mama yenu bila yeye, na alipokuja arobaini ilikuwa imeshapita na shati lake lina mapambo. Mama ndiye aliyenisimulia, wewe hujawahi. Na yeye naye alipofariki mlikuwa hamjapatana. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyotoka makaburini ukaenda moja kwa moja shuleni kusahihisha madaftari, siku ya Jumapili. Nilidhani ni hasira. Sasa sidhani tena hivyo.

Mimi siyo Baba Mdogo. Naandika siyo, na kama unataka iwe si, iandike wewe. Nimeshawaambia wenzangu kwamba simu ya nyumbani ikilia naondoka hata kama tuko katikati ya wimbo, na Mosi akanijibu, "Nenda tu, tutamalizia na makofi." Namba ya simu ya Mama iko kwa Mosi, iko kwa Neema, na Chogo ameiandika kwa rangi ndani ya mlango wa kirikuu. Popote tutakapokuwa, napatikana. Nilitaka ulijue hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Lakini sijamaliza ya Kinyerezi. Wakati wa kula, Mzee Anselmi alikuja kukaa karibu yangu na sahani yake.

"Unatokea wapi, binti?"

"Newala, baba."

"Wazazi wapo?"

"Wapo. Baba ni mwalimu mstaafu."

"Anajua kwamba unapiga ngoma?"

"Anajua. Hataki."

"Mnaongea?"

"Hapana. Ninamwandikia barua, ananirudishia. Anazisahihisha tu makosa."

Akatafuna kwanza. "Zote anasahihisha?"

"Zote, mpaka jina langu."

Akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo anazisoma mpaka mwisho."

Akainuka kwenda kuwaaga wageni wengine.

Tuliporudi Temeke nilitoa barua zako zote, yaani zangu, kwenye mfuko wa tumba ninakozihifadhi. Nikazisoma upya, safari hii sikusoma wino wangu, nilisoma wako. Ile ya Ifakara, ya malaria, nilikuwa nimeandika: "Nimepona kidogo." Wewe ukapiga mstari chini yake, mstari mwekundu mrefu kuliko mistari yote, na pembeni ukaandika: "Haieleweki. Kidogo kiasi gani? Unakula?" Na mimi mpumbavu nilipoisoma mara ya kwanza nikasema, mzee huyu, hata malaria anaisahihisha. Katika ile nyingine nilipoandika kwamba tunalala popote penye paa, ukalizungushia duara neno popote, ukaandika: "Taja mahali." Na pale nilipoandika "nawakumbuka sana", mbele ya "sana" uliweka alama ya kuuliza, halafu ukaifuta alama ya kuuliza. Nimeiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Imefutwa kwa wembe, Baba, karatasi imekuwa nyembamba pale.

Nisamehe. Miaka miwili nimekuwa nasema huniandikii.

Basi nakujibu maswali yako. Nimepona kabisa, na ninakula, Neema hawezi kuniacha nikae na njaa. Mahali ninapolala nikiwa mjini ni Temeke, chumba kimoja, nyumba ya mama mmoja wa Lindi anayeuza mkaa, mlango wa bluu. Nikiwa safarini nalala na Neema, na kabla ya kulala tunakagua kufuli. Na ninawakumbuka sana. Hiyo haina alama ya kuuliza.

Nisalimie Mama, mwambie kikapu cha ukindu alichonitumia ndicho kinachobeba waya zote za bendi na Mosi anakitunza kuliko gitaa. Msalimie Shangazi mfinyanzi, mwambie mtungi wake ulifika salama na unapoza maji ya watu wanne. Nisalimie dada yangu mkubwa muuza vitumbua na mume wake fundi baiskeli, na yule jirani yetu muadhini, nasikia amepata mafua, pole yake na pole yenu mnaoamshwa naye. Mwalimu mkuu mpya wa shule yako ya zamani naye msalimie, ila usimpe barua hii asome.

Barua hii naipeleka Mbagala kesho asubuhi. Kondakta ataniuliza kama kawaida, "Ya mwalimu wa wino?" nami nitasema ndiyo. Pamoja nayo nimekuwekea kalamu mpya mbili, nyekundu zote, maana ile uliyonayo inaanza kukwaruza. Nimeiona kwenye barua ya saba.

Sasa lile ombi. Sikuombi uandike kwamba umenisamehe, najua mkono wako hauandiki hivyo. Naomba kitu kimoja. Hii usiirudishe. Basi likifika Mbagala bila bahasha yangu nitajua neno lile umelifuta, na mwezi ujao tukifika Newala nitateremka kwenye kirikuu pale njia panda na nitakuja kwa miguu, tumba nitaziacha kwa Mosi. Ikirudi, nitaipokea kwa adabu, nitajifunza makosa yangu, na tutapita barabara kubwa bila kupiga honi.

Kwenye habari ya Kinyerezi kuna kosa moja kubwa nimeliacha kwa makusudi. Utaliona na litakuwasha. Usiliguse, Baba. Liache hapo hapo mpaka nikae mbele yako, unioneshe kwa kidole.

Mtoto wako anayekupenda, anayekusoma mpaka mwisho,

Somoe